Namna ya Kuchagua Godoro Jipya Unapovutwa na Chapa Mbili: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Tabora

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa katika duka moja la magodoro hapa Tabora mjini. Mbele yake yalikuwa magodoro mawili ya futi tano kwa sita, yote ya inchi nane, yote yameandikwa HD (“high density”, yaani sponji nzito) kwa herufi kubwa, ila ni ya chapa mbili tofauti, na bei zake zilipishana kwa shilingi 45,000. Muuzaji alikuwa amekwisha kulisifia moja, na shoga yake aliyemsindikiza akalisifia la pili kwa kuwa ndilo wanalolalia kwao. Akaniuliza, “Dada, nichukue lipi?” Nikamwambia asitoe hela mpaka nifike.

Nilikuwa na sababu ya kumzuia. Miaka kadhaa nyuma nilinunua godoro kwa kufuata jina lake tu, kwa kuwa mama yangu alikuwa amelalia godoro la jina hilohilo kwa zaidi ya miaka kumi bila kasoro. La kwangu lilibonyea katikati kabla ya miezi 14 kwisha, nikawa naamka nimekunjamana kiuno kama mtu aliyelala ndani ya susu. Nilipolipeleka dukani niliambiwa kwamba hilo nililonunua ni daraja la chini la chapa ileile, na kwamba la mama lilikuwa daraja jingine kabisa. Hakuna aliyenidanganya siku ya kununua. Mimi ndiye sikujua la kuuliza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Majina yanayotajwa sana nchini, kama Tanfoam, Vitafoam, GSM Foam na Dodoma, ni majina ya chapa, na chapa moja huweza kuwa na magodoro mepesi ya bei nafuu, ya kati, na mazito ya kudumu. Anayeuliza chapa gani ni nzuri atajibiwa kwa mapenzi ya anayemjibu. Anayeuliza godoro hili lina densiti gani (yaani uzito wa sponji kwa ujazo wake), unene gani na sponji ya namna gani, atapata jibu analoweza kulipima mwenyewe. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano huo, na ningependa msomaji azifuate kabla hajaanza kupatana bei.

Anza na kitanda, si na godoro

Watu wengi hapa kwetu hulala juu ya vitanda vya mninga vilivyochongwa na fundi wa mtaani, na fundi wa mtaani hufanya kazi kwa futi yake. Kitanda kinachoitwa tano kwa sita kinaweza kuwa pungufu ya inchi moja au kuzidi inchi mbili upande wa ndani. Chukua tepu, upime ndani ya fremu kuanzia ubao wa kichwani hadi wa miguuni, kisha upande hadi upande, na uandike vipimo hivyo kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani. Godoro likizidi fremu litapinda kingo na kuinuka katikati; likipungua litateleza kila usiku na kuacha mwanya ambao mtoto anaweza kuzamisha mguu.

Kisha inama uzitazame chaga. Chaga zilizoachana zaidi ya inchi tatu huliacha godoro lizame katikati ya nafasi zake, na baada ya miezi michache sponji hujichora mistari ya mabonde ambayo watu huilaumu chapa. Chaga iliyovunjika au iliyolegea ni ya kurekebishwa kabla godoro jipya halijaingia chumbani, kwa sababu hakuna godoro litakaloinyosha. Kama kitanda chako kimewekwa ubao mzima wa plaiwudi badala ya chaga, mwombe fundi autoboe matundu, maana kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika, jasho na unyevu hukosa pa kutokea na upande wa chini wa godoro hushika ukungu.

Jiulize ni nani atakayelilalia

Uzito wa mlalaji ndio unaoamua mengi. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 hawawezi kushauriana kuhusu godoro bila kupotoshana, kwa kuwa lile linalomwinua mwepesi vizuri humzamisha mzito mpaka mgongo ukagusa chaga. Wanandoa wahesabu uzito wao wote wawili, na kama mmoja ni mzito sana kuliko mwenzake, godoro lichaguliwe kwa kumfuata mzito, kisha mwepesi alainishiwe upande wake kwa blanketi lililokunjwa chini ya shuka.

Anayelala ubavu huhitaji sponji inayompa bega na nyonga nafasi ya kuingia kidogo. Anayelala chali au kifudifudi huhitaji inayomzuia kiuno kisishuke. Mtoto mchanga huhitaji sehemu ngumu na tambarare isiyo na mto wala matandiko manene, kwa kuwa godoro laini linaweza kumziba pumzi akigeuza uso. Kwa mtoto anayejikojolea, bajeti ya kifuniko kisichopitisha maji iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Imani iliyoenea sana hapa kwetu ni kwamba mwenye maumivu ya mgongo alalie godoro gumu kadiri inavyowezekana, na wengine huhamia chini kwenye mkeka. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno, na baada ya siku 90 waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliolalia magumu. Kwa hiyo mwenye mgongo mbovu asikubali kuuziwa ubao kwa jina la tiba. Atafute godoro lenye nguvu ya kumbeba lakini linaloufuata mwili.

Kilichomo ndani ya kitambaa

Wazee wetu walilalia magodoro ya pamba na ya sufi, yaliyohitaji kufumuliwa na kuchambuliwa upya kila yaliposhikana. Leo karibu kila godoro linalouzwa madukani kwetu ni la sponji ya poliyurethani, kemikali ambayo misingi yake iligunduliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Inatengenezwa kwa kuchanganya vimiminika ambavyo vikikutana hutoa gesi na kuumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kisha donge kubwa linaloganda hukatwa vipande vya unene unaotakiwa. Mfano huo wa maandazi ni wa kushika, kwa sababu kiwanda kinaweza kuumusha unga kidogo ukajaza nafasi kubwa, na kwa macho usione tofauti yoyote. Kitakachotofautiana ni kiasi cha unga na kiasi cha hewa.

Yapo pia magodoro ya sponji iliyosagwa, yaani mabaki ya viwandani yaliyokatwakatwa, yakatiwa gundi na kushindiliwa. Ukilifungua utaona madoa ya rangi nyingi. Si takataka kama wengine wanavyodhani: ni mazito na magumu, na kwa mlalaji mzito tabaka lake likiwa chini na sponji nzima ikiwa juu hufanya kazi nzuri. Kosa ni kuuziwa hilo kwa bei ya sponji nzima.

Magodoro ya springi yako ya namna mbili. Katika ya kwanza springi zote zimeunganishwa kwa waya, hivyo mmoja akijigeuza mwingine huyumba. Katika ya pili kila springi imevikwa mfuko wake, na mtikisiko haufiki mbali. Hupitisha hewa vizuri, jambo linaloonekana sana Septemba na Oktoba joto la Tabora linapopamba moto. Lakini hayakunjwi kwa safari, na ukiwa unakwenda nalo Sikonge juu ya keria ya basi ni bora ulisahau. Sponji ile nzito inayobaki na alama ya mkono ukiibonyeza hulainika kadiri joto linavyopanda na huhifadhi joto la mwili, kwa hiyo kwa chumba kisicho na feni mimi siishauri.

Densiti, na kwa nini si ugumu

Densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Sponji ya densiti 18 maana yake ni kwamba mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 18. Ya densiti 28 ina kilo 28 katika nafasi ileile. Iliyo nzito ina malighafi nyingi zaidi, na malighafi ndiyo inayostahimili kubonyezwa kila usiku kwa miaka. Densiti inakueleza godoro litadumu kiasi gani.

Ugumu ni jambo jingine. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu siku ya kwanza, na sponji nzito iliyo laini mpaka mwisho wa maisha yake. Huu ndio mtego uliomnasa kila niliyemfahamu aliyejuta baada ya kununua: mnunuzi hubonyeza kwa kiganja, akahisi ugumu, akasema hili ni zito, hili litadumu. Ugumu wa sponji nyepesi huvunjika mapema, na bonde linaanzia pale pale penye nyonga.

Kwa makadirio yangu, baada ya kununua na kuwasaidia wengine kununua, densiti iliyo chini ya 18 inafaa chumba cha wageni au mtoto mdogo. Kuanzia 20 hadi 23 inamtosha mtu mmoja mwepesi. Watu wazima wawili wanaolala kila siku watafute 25 hadi 28, na wazito waanzie 30. Maneno kama HD, “heavy duty” au “super” yaliyoandikwa kwenye kitambaa yasikuridhishe, kwa kuwa hayakupi namba. Muulize muuzaji densiti ni ngapi, na kama hajui, jibu unaweza kulipata mwenyewe kwa dakika tano.

Lipime kwenye mizani

Hatua hii ningeomba mtu asiiruke, hata akiruka nyingine zote. Unahitaji mizani, tepu na simu yenye kikokotoo.

Kwanza tafuta ujazo wa godoro kwa futi: zidisha urefu kwa upana kwa futi, uzidishe kwa unene wa inchi, kisha ugawe kwa 12. Godoro la tano kwa sita la inchi nane linakuwa 5 mara 6 mara 8, yaani 240, gawa kwa 12, unapata futi 20 za ujazo. La nne kwa sita la inchi sita ni futi 12. La sita kwa sita la inchi kumi ni futi 30. Hakikisha unene unaupima mwenyewe kwa tepu katikati ya ubavu, bila kuhesabu uvimbe wa kitambaa kilichoshonewa pamba, kwa sababu inchi nane ya kwenye lebo si lazima iwe inchi nane ya kwenye tepu.

Pili pata uzito. Kama duka lina mizani ndogo ya kusimama, panda ukiwa umelikumbatia godoro lililokunjwa, kisha panda peke yako bila godoro, na utoe. Kama halina, duka la nafaka halikosekani karibu, na lile lina mizani ya kuning'iniza magunia. Toa kilo moja kwa ajili ya kitambaa, au moja na nusu kikiwa kinene.

Tatu gawa kilo zilizobaki kwa futi za ujazo, kisha uzidishe kwa 35.3. Namba inayotoka ndiyo densiti kwa makadirio ya karibu. Asiyependa hesabu akumbuke jambo moja tu: kwa densiti 25, kila futi ya ujazo inapaswa kuwa na gramu 700 na kidogo. Godoro la futi 20 liwe na kilo 14 bila kitambaa, la futi 12 liwe na kilo nane na nusu, la futi 30 liwe na kilo 21.

Nilipofika kwa mdogo wangu tulimwomba muuzaji ruhusa, tukayakunja magodoro yote mawili kwa kamba ya katani na kuyapeleka duka la pili kutoka pale, kwa mzee anayeuza mahindi na karanga. Mzee alicheka kidogo, akaning'iniza la kwanza kwenye ndoano, lile la jina kubwa na la bei ya juu. Mshale ulisimama kwenye kilo 11. Akaning'iniza la pili, mshale ukapanda hadi 15. Tukatoa kilo moja kwa kila moja: la kwanza lilikuwa na densiti isiyofika 18, la pili lilikaribia 25, na yote mawili yalikuwa na herufi zilezile za HD kifuani. Mdogo wangu alisimama akiushika mshale kwa macho kama mtu anayesoma barua.

Tuliporudi dukani muuzaji, bila kununa, aliingia stoo na kutoka na godoro la tatu, la chapa ileile yenye jina kubwa lakini daraja la juu, na hilo lilikuwa na kilo 17. Densiti yake ni 28. Kwa hiyo chapa haikuwa mbaya hata kidogo. Lililokuwa limetandazwa mbele ya duka ndilo lililokuwa daraja lake la chini. Mdogo wangu na mumewe ni wepesi wote wawili, wakachukua lile la 25 na hela iliyobaki ikanunua mito miwili na chandarua.

Mizani nayo ina jambo moja la kuangaliwa. Baadhi ya sponji hutiwa unga wa chokaa ili ziongezeke uzito, na uzito huo hausaidii chochote. Badala yake sponji hukatika mapema. Isugue kwa kidole juu ya kitambaa cheusi: ikiacha vumbi jeupe, au ikimeguka kama mkate mkavu pembeni penye zipu, usiihesabu kilo hata moja yake.

Fungua zipu, kisha lala

Godoro lenye zipu lifunguliwe. Tafuta mistari ya gundi. Sponji iliyokatwa kutoka donge moja ni nzima kutoka kichwani hadi miguuni. Iliyoungwa ina mshono wa gundi, na mshono ukiwa katikati, chini ya kiuno, ndipo patakapofunguka kwanza. Matabaka yaliyopangwa juu kwa chini kwa makusudi si kasoro, ila muuzaji akutajie kila tabaka ni la namna gani. Rangi ya sponji, iwe njano, waridi au kijani, ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Bonyeza kwa ngumi nzima, uhesabu hadi thelathini, uachie: sponji nzuri ya kawaida hurudi mara moja bila kuacha kishimo.

Magodoro mengi hufika Tabora kutoka viwanda vya mbali, na kwa kuwa sponji kwa sehemu kubwa ni hewa, lori hujaa kabla halijalemewa, hivyo husafirishwa yakiwa yameshindiliwa na kuviringwa. Lililokaa limeshindiliwa kwa muda mrefu huweza lisirudi unene wake wote. Omba lifunguliwe ulione likiwa limetandazwa, na upime pembe zote nne pamoja na katikati.

Kisha lilalie, ukiwa umevua viatu, kwa muda usiopungua dakika kumi, katika mkao unaolala nao nyumbani. Najua mtu huona haya kulala mbele ya watu dukani, hasa mwanamke. Nenda na ndugu yako, nenda asubuhi mapema kabla wateja hawajajaa, na uombe godoro liwekwe ndani upande wa stoo. Ukiwa chali pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita kwa nafasi kubwa godoro ni gumu kwako, kikikwama kabisa ni laini mno. Ukiwa ubavu, mwenzako atazame uti wa mgongo wako kama umenyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kama godoro ni la wawili, mlale wote wawili na mmoja ajigeuze.

Miezi ya malipo ya tumbaku, wateja wanapokuja kwa wingi kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge, maduka hujaa na muuzaji hana muda na mtu wa kupima. Anayeweza kusubiri asubiri upepo huo upite, au atangulie.

Lebo, nembo na risiti

Jina kubwa huvutia waigaji, na kitambaa chenye jina kubwa kinaweza kuvishwa sponji ya mahali popote. Soma jina herufi kwa herufi, maana mara nyingi hubadilishwa moja tu. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pamoja na jina la kiwanda na vipimo kwenye lebo iliyoshonewa, si ya kubandikwa. Kama una wasiwasi, piga simu kiwandani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa dukani, uulize nani ni wakala wao Tabora. Bidhaa bandia ni jambo linaloshughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, lakini malalamiko bila risiti hayana miguu. Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe chapa, daraja, vipimo na unene. Neno “godoro” peke yake halitakusaidia.

Waranti isomwe kabla ya kulipa. Yenye maana inataja ni bonde la kina gani linalohesabiwa kuwa kasoro, ni nani anayegharimia usafiri wa kurudisha godoro, na kama utapewa jipya au litarekebishwa. Waranti ya miaka mingi inayokutaka ulipeleke godoro Dar es Salaam kwa gharama zako ina thamani ndogo kwa mtu wa Tabora kuliko ya miaka mitatu inayoshughulikiwa na wakala aliyepo mjini, na kwa haki kabisa hili peke yake linaweza kuamua kati ya chapa mbili zilizolingana kwenye mizani.

Bei

Linganisha bei baada ya kujua densiti, kamwe si kabla. Tuseme godoro moja ni shilingi 200,000 na litakufikisha miaka miwili, jingine ni 350,000 na litakufikisha miaka saba: la kwanza linakugharimu 100,000 kwa mwaka na la pili 50,000. Hela ikiwa haitoshi, mimi ningepunguza unene kuliko kupunguza densiti. Inchi sita za sponji nzito kwa mtu wa uzito wa kawaida hushinda inchi kumi za sponji nyepesi, ijapokuwa kumi zinapendeza zaidi mgeni akichungulia chumbani. Na kupatana si aibu. Ukiwa na namba mkononi, muuzaji mwenyewe hupatana nawe kwa heshima nyingine.

Safari na wiki za mwanzo

Guta au bajaji linalobeba godoro likiwa limetandazwa ni bora kuliko bodaboda inayolikunja mara tatu na kulikaza kwa mpira. Kama ni lazima likunjwe kwa safari ndefu, liviringishwe badala ya kupigwa pande, kamba zisikazwe hadi zikaikata sponji, na lifunguliwe siku hiyohiyo ya kufika.

Nyumbani ondoa nailoni yote. Wapo wanaoiacha kwa miezi ili godoro lisichafuke, na matokeo yake ni jasho lililofungiwa, harufu na ukungu. Litandaze katika chumba kilichofunguliwa madirisha kwa siku nzima hadi harufu ya kiwandani ipungue. Baadaye lianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali la moja kwa moja huigeuza sponji kuwa ya njano na kuifanya imeguke. Kabla ya kulitia chumbani kagua nyufa za kitanda cha zamani kama kuna kunguni, maana wakishaingia kwenye mishono ya godoro jipya kuwatoa ni kazi ya msimu mzima.

Miezi mitatu ya mwanzo ligeuze kichwa kwa miguu kila baada ya wiki mbili, kisha kila baada ya miezi mitatu. Lisilo na tabaka maalumu la juu lipinduliwe pia. Andika kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kona ya upande wa chini, tarehe uliyonunua na uzito uliopata kwenye mizani. Baada ya miezi sita vuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine pale penye nyonga, bila mtu juu yake, upime kwa rula kina cha bonde chini ya uzi. Kikizidi kile kilichoandikwa kwenye waranti, piga picha uzi ukiwa umekazwa na rula ikiwa imesimamishwa, uichukue pamoja na risiti, na umrudie wakala wiki hiyohiyo.